Mitetea Thelathini na Wawili wa Daftarini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi kali Newala. Ukungu mpaka dirishani. Nimemaliza hesabu!

Binti yangu Zabibu anatoka unyagoni Jumamosi ya tarehe 28. Mama yake, Somoe, ana mitetea kumi na wanne, kila mmoja na jina lake. Hawatoshi wageni. Mtu mwingine angelia. Mimi nina mwaka mmoja na nusu wa shahada ya uzamili katika hisabati ya viumbe hai (uliobaki ulikatizwa na mambo ya kibinadamu). Nimechora visanduku vinne daftarini: mayai, vifaranga, kuku wanaokua, mitetea. Kila siku sehemu ya kila kisanduku inahamia cha mbele, na sehemu inakufa. Hatua ishirini na sita, hatua moja kwa siku. Robo ya kuku haipo duniani, kwa hiyo kila robo nimeijaza ikawa kuku mzima.

Jibu: mitetea thelathini na wawili.

Jumatano, 4 Juni

Kikao cha ukoo wa mke wangu. Naishi kwenye ardhi yao, kwa hiyo kila kikao ni chao. Mwenye neno la mwisho ni shemeji Bwanali, kaka wa Somoe. Huku mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni aliyechelewa kuaga. Alikuja na unga wa salfa ya kupulizia mikorosho kwenye nyusi, akasema atatoa kuku kumi na wawili.

Niliinuka! Nikamwambia asihangaike, kuku wote juu yangu. Akauliza watatoka wapi. Nikasema wanakuja. Akauliza tena, wapi hasa. Nikasema kisanduku cha tatu. Bibi Shakila, somo anayemfunda Zabibu unyagoni, akaguna. Somoe akatazama mkeka.

Bwanali akasema haya mwalimu, ila tusimwaibishe mtoto. Eti mwalimu! Akitaja kazi yangu ujue ananicheka.

Jumapili, 8 Juni

Mwenye mitetea thelathini na wawili hana sababu ya kuwa mchoyo. Wawili nimempa mwalimu mkuu wangu, mmoja fundi aliyeziba paa. Wote wamenishukuru sana. Nimejisikia mtu mkubwa.

Somoe ameuliza mtetea wake Chausiku yuko wapi. Nimesema yupo kwenye hesabu.

Alhamisi, 19 Juni

Balaa.

Nimeingia bandani kulinganisha. Mitetea wanane! Watatu niliwagawa mwenyewe, mmoja kachukuliwa na kicheche, wawili wameliwa na wageni waliokuja kuulizia siku ya sherehe. Vifaranga kumi na saba, kila mmoja kama ngumi ya mtoto.

Nimerudi daftarini nikalifuata yai moja tu. Limetagwa Jumatatu. Jumanne sehemu yake ni kifaranga. Jumatano sehemu ya sehemu hiyo inakua. Alhamisi kuna kijisehemu cha mtetea, nami nikakijaza kikawa mtetea mzima, na Ijumaa akataga! Daftari langu linakuza kuku kwa siku tatu. Hata Bwanali, aliyeishia darasa la saba, anajua yai huatamiwa siku ishirini na moja.

Nikajaribu hatua kubwa, mwezi mzima kwa mara moja. Vifo vikawazidi kuku wenyewe. Jibu: kuku hasi tisa. Sijui kuku hasi anakula nini.

Sijamwambia mtu. Naogopa.

Ijumaa, 27 Juni

Nimezunguka tangu alfajiri kutafuta kuku wa kuazima. Msimu huu kila kuku ana mwali wake. Jirani yetu Mzee Faruku alinionesha jogoo mmoja kilema, akasema hata huyo ameshaahidiwa mtu. Nikapanda pikipiki mpaka Masasi, nikabisha hodi nyumba kwa nyumba mtaa wa Mkomaindo. Kule nako ngoma za unyago! Nimerudi na trei moja ya mayai. Kwa hesabu yangu ya kwanza, Jumatatu ni mitetea.

Kesho mwanangu atatoka na nguo mpya, amepakwa mafuta, watu wamejaa, na sinia litakuwa ubwabwa mtupu kwa sababu ya baba yake. Nimelia chooni. Nilimwaga maji ya ndoo ili wasisikie.

Jumamosi, 28 Juni

Nilivaa kanzu, tayari kukiri mbele ya ukoo. Kabla sijafungua mdomo, Bwanali akaingia uani anasukuma baiskeli yenye matenga mawili. Kuku kumi na wawili! Kumbe siku ile ya kikao Somoe alimfuata njiani akamwambia awalete kama alivyosema. Mke wangu hakuniamini hata dakika moja.

Kisha wakaja mama wadogo na mashangazi, kila mmoja na kuku kwapani, kama desturi ilivyo. Desturi ninayoijua tangu utotoni na sikuiwekea kisanduku.

Ulipofika wakati wa kumpa somo kuku wake wa heshima, haki ilikuwa ya mjomba. Bwanali akaniwekea jogoo mkononi. "Mpe wewe, Baba Zabibu." Mbele ya watu wote! Nikamkabidhi Bibi Shakila kwa mikono miwili, nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa upole ambao sikuustahili.

Mwali hainui macho. Zabibu alipopita kwangu aliyainua kidogo.

Baadaye nikamvuta Bwanali pembeni, nikakiri kwamba nilikosea. Akasema anajua, nikale kwanza.

Jumapili, 29 Juni

Nimeamka na wazo. Wanane wa bandani, kumi na wawili wa shemeji, kumi na mmoja wa mashangazi na mama wadogo. Jumla, ukiwahesabu na majogoo: thelathini na mmoja. Daftari lilisema thelathini na wawili. Kosa la kuku mmoja, naye ni yule wa kicheche! Hesabu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ilijua kuku watapatikana, haikujua tu watapita mlango gani.

Bwanali anamwozesha kijana wake Oktoba. Mbuzi! Mbuzi ni visanduku vitano tu. Nimeshamtumia ujumbe asihangaike, mbuzi wote juu yangu.

Somoe amechungulia begani kwangu, akavaa kandambili, akasema anakwenda mara moja kwa kaka yake. Wanapendana sana wale.