Jaketi la Kuelea Lilivyonipandisha Mbele ya Mama Mkwe

Leo heshima yangu imezama. Mimi mwenyewe nimeelea.

Mnanijua, ni fundi pikipiki hapa Kilosa mjini. Mama mkwe wangu anaishi Tindiga na ni mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea wakati wa mafuriko. Kikundi kimepewa jaketi la wapiga mbizi, lile linalojazwa hewa kutoka kwenye mtungi wa mgongoni. Lilikuwa limekaa stoo muda mrefu, likahitaji sevisi. Mama akawaambia wenzake, "Fundi wa nini kutoka Dar? Mkwe wangu yupo. Hakuna kinachomshinda."

(Nilipaswa kukataa hapo hapo. Lakini mama mkwe anakataliwaje?)

Wiki iliyopita nikalifungua. Ndani kuna vali, kitufe cha kujazia hewa, na vile vipete vya mpira vya kuzuia hewa isivuje, sisi mafundi tunaviita oringi. Mwalimu Sudi, mpiga mbizi mstaafu anayekifundisha kikundi, alikuwa amenionya kwa simu: "Badilisha oringi, paka grisi ya silikoni. Ya silikoni tu!" Silikoni nikaikosa. Nikapaka ya beringi. Grisi ni grisi, nikajisemea. Nilipomaliza kufunga, oringi moja ikabaki mezani. Nikajua ni ya akiba. (Bado msicheke.)

Leo asubuhi tukaenda Mikumi, kwenye bwawa la kuogelea la gesti moja, kulijaribu kabla ya kulipeleka mto Mkondoa kesho. Wanakikundi wote wamejipanga pembeni. Mama mkwe kakalia kiti cha mbele. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kujivunia.

"Umelifunga mwenyewe?" Mwalimu Sudi akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi livae mwenyewe."

Nikaingia. Maji ya kifuani. Akaniambia nibonyeze kitufe kidogo, niachie. Nikabonyeza. Nikaachia. Kitufe hakikurudi!

Hewa inaingia tu. Jaketi likavimba, likanibana mbavu, likaninyanyua miguu. Nikalala chali juu ya maji kama kobe aliyepinduliwa. Kisha vali ya begani ikazidiwa, ikaanza kutapika hewa. Mlio wake sitauandika. Mfikirieni mtu aliyelala na maharage. Mlio mreeefu! Na watu wote wananitazama.

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Ni vali!"

"Tumesikia, baba," mama mmoja akajibu.

"Vuta kamba!" Mwalimu akafoka. Jaketi lina kamba ya kutolea hewa, iko begani. Mimi kwa kiwewe nikapapasa, nikashika kamba, nikaivuta kwa nguvu zote.

Ilikuwa ya bukta.

Bukta ikalegea, ikanitoka, ikaelea taratibu kuelekea alikokaa mama mkwe. Nikabaki na chupi ya makopa mekundu (zawadi ya mke wangu), chali, nimevimba, napiga tarumbeta. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kutetemeka. Nikajua analia kwa aibu. Wapi! Anacheka.

Mwalimu akaruka majini, akachomoa paipu ya hewa, akanivuta ukingoni. Akafungua kitufe palepale. Oringi zimevimba kwa grisi ya beringi, zimekikaba. Na sehemu ya ile "ya akiba", patupu.

Yeye hakucheka. "Kesho ningelivaa mimi, chini mtoni," akasema polepole. "Likijaa ghafla kule chini linakurusha juu kama kizibo. Mapafu yanaweza kupasuka."

Nikamwomba radhi mbele ya wote, na sikuona aibu tena. Nilikuwa namwangalia tu jinsi anavyopumua.

Mama mkwe akaja, akanipa kanga yake ya juu nijifunge. "Usijali, baba. Bora tucheke leo kuliko kuzika kesho."

Safari ya mtoni imeahirishwa. Silikoni imeagizwa, na Mwalimu atasimama nyuma yangu nikifunga oringi moja baada ya nyingine. Mimi nimefarijika hadi nimekula sahani mbili za wali.

Sasa niko njiani narudi. Wenye kucheka chekeni sasa hivi, nikishuka stendi nataka nikute mmeshamaliza.