Bereft na Masharubu Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha mapokezi kiko wazi! Nimechoka kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Meneja ametangaza: Ijumaa, kila anayekitaka asimame mbele yake aseme Kiingereza. Mlinzi wa lango naye anakitaka. Kanicheka, eti dobi kama mimi akikaa mapokezi atawaanika wageni kwenye kamba. Tutaona. Nimechagua silaha: bereft. Neno zito. Mlinzi hawezi kulibeba hata kwa toroli.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwendea shemeji, mwalimu wa Kiingereza. Nikamwambia niko bereft ya chai. Kashika kichwa. Anasema neno hilo si la kila kilichokosekana. Ni la mtu aliyepokonywa kitu kilichokuwa sehemu ya maisha yake, akabaki na pengo na majonzi. Kisha akaniuliza, sasa wewe shemeji yangu umepoteza nini?
Nimejikagua. Mke yupo. Watoto wazima. Wazazi wangu wote hai, na wanalalamika kwa nguvu. Hata kandambili ni pea kamili. Balaa!

Jumatano, 6 Machi
Ufumbuzi! Masharubu. Nimeyalea tangu kabla ya ndoa. Yakiondoka, pengo litakuwa la haki. Nimeyanyoa mwenyewe, bafuni, bila kutetemeka. (Nilitetemeka.) Mke wangu kaingia, kapiga vigelegele. Kumbe aliyachukia tangu siku ya posa! Nimemwomba walau pole moja. Kasema pole apewe yeye aliyeyavumilia.

Alhamisi, 7 Machi
Huzuni haiji. Kazini wananiambia nimerudi ujana. Mpishi kaniongezea nyama. Nimejitazama kiooni nikilazimisha machozi. Yakaja. Ilikuwa sabuni.

Ijumaa, 8 Machi
Mlinzi alitangulia. Kasalimia, kauliza habari za safari, kaelekeza ngazi zilipo. Maneno ya kitoto! Zamu yangu ikafika. Nikaweka mkono juu ya mdomo, nikatamka: I am bereft of my moustache. Halafu meneja akacheka hadi akashikilia meza. Akasema mgeni aliyechoka na safari anahitaji mtu kama huyu. Tena uso sasa unaonekana! Kiti ni changu, kwa majaribio ya mwezi mmoja!

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji anashikilia kwamba si neno lililonipa kazi. Eti ni kicheko na uso safi, nizungumze kawaida tu na wageni watanipenda. Wivu wa wasomi! Ili nithibitishwe nahitaji neno jingine, na nimeshalipata: forlorn. Kanieleza shingo upande: ni la mtu aliyeachwa peke yake, mnyonge. Nami mambo yangu ni ya utaratibu. Nimemwomba mke wangu aende kwa mama yake wiki mbili. Nilitarajia ubishi. Sijamaliza sentensi, kashafunga sanduku, na anaimba.