Kila Nikikata, Unachipua

Jumapili, 1 Juni
Arkangelo, mwenye ploti, ametangaza: pale langoni, madereva wanapoegesha malori, atapewa yule ambaye mpesheni wake utatoa kivuli kwanza. Ni mimi na chapati zangu, au Namukasa na chai yake. Nikikosa, nabaki huku nyuma karibu na choo mpaka biashara ife, kisha natoka Juba kurudi Kampala na aibu. Mpesheni wa Namukasa umeshapita ua. Wangu unanyong'onyea tu. Basi, Namukasa alipokwenda kuimba kwaya, nikakata ncha zote za mpesheni wake kwa wembe. Safi kabisa.

Jumatatu, 9 Juni
Ajabu. Chini ya kila mkato pametoka matawi mapya. Yote yanaelekea mlango wangu. Namukasa hajauliza kitu. Ananisalimia vizuri kuliko zamani. Sipendi.

Jumapili, 15 Juni
Namukasa na wenzake wako kanisani. Nimekata tena, chini zaidi. Nikasimama kidogo kufuta jasho. Kugeuka, kijikamba cha mmea kimeshajisokota kwenye kifungo cha shati langu.

Jumatano, 25 Juni
Nimemuuliza Rebecca, aliyesomea kilimo Eldoret kabla ya kurudi Juba. Nikasema ni rafiki yangu anayesumbuliwa na mmea unaochipua kila ukikatwa. Akasema si uchawi. Majani hutengeneza sukari, na ncha ndiyo mlafi wa kwanza. Ukiikata, sukari inaenda kwa macho yaliyolala pembeni mwa shina, nayo yanaipokea kama habari: amkeni. Kumbe mimi ndiye nimekuwa nikiyaamsha! Nikauliza kama macho hayo yanajua aliyekata. Alicheka.
Nimeshika neno moja: sukari. Nimeumwagia mpesheni wangu kilo nzima.

Jumamosi, 28 Juni
Sisimizi kila mahali. Mpesheni wangu umekauka. Arkangelo amempa Namukasa pale langoni. Khalas, yamekwisha. Nimelia, sifichi.

Jumapili, 6 Julai
Saa sita mchana, chumbani kwangu giza la kijani. Matawi ya mpesheni wa Namukasa yamefunika dirisha. Moja limepita chini ya mabati mpaka kwenye rafu. Limeacha mswaki, limeacha sabuni. Limejizungusha kwenye wembe. Naogopa.
Rebecca amepita, akasema nihamishe kitanda, nisikate chochote. Yeye anajua nini? Nimekwenda kuazima mkasi mkubwa kwa Namukasa. Nilidhani atakataa. Alikuwa ameshaunoa. Ameniomba tu nianzie kwenye ncha. Naanza sasa hivi.