Kilo za Zawadi

Habari hii ni ya mujanja mumoja wa Ndosho, hapa Goma. Nitamuita Cikuru, maana ndilo jina langu, lakini nitamusimulia kama mutu mwingine. Mutu mwingine ni rahisi kumucheka.

Cikuru alikuwa na kipaji kimoja tu, ulimi. Kazi zingine zote zilimukataa. Asubuhi moja alikuwa amekaa mbele ya farmasi ya Mama Masika, akingoja akili imufikie, ndipo akasikia Masika akimurudisha mama mwenye mutoto mugongoni.

"Dawa ya homa haipimwi kwa miaka, mama. Inapimwa kwa kilo, na mizani yangu imevunjika. Nenda umupime mutoto, uniletee kilo zake."

"Si unipe tu nimupe kijiko kimoja?"

"Kijiko gani? Cha sukari ama cha supu?"

Mama akaondoka akinung'unika. Cikuru akasimama. Akili ilikuwa imefika.

Kesho yake alitundika mizani hatua kumi kutoka mulango wa farmasi. Ilikuwa mizani ya ndoano na mushale, aliyoinunua kwa muchuuzi wa maharagi wa Kiwanja aliyeiuza kwa haraka sana. Haraka ile ilikuwa na sababu: resori ya ndani, ile springi inayovuta mushale, ilichoka. Maharagi ni kilo tisa, mushale unasema kumi na mbili, na wateja walikuwa wameanza kupima tena nyumbani. Cikuru alijua. Alikusudia kuitengeneza, haki ya Mungu. Lakini mama wa kwanza alimufunga mutoto wake mwembamba ndani ya kitenge, wakamutundika, mushale ukakimbilia nane.

"Nane! Na mama mukwe anasema simulishi!"

Akalipa, akaongeza na ya shukrani. Sasa nani atatengeneza mizani yenye baraka kama ile?

Kwa wiki mbili wamama walikuja hata kutoka Mugunga. Watoto wengine hawakuwa hata na homa, walikuja kuchukua sifa tu. Cikuru alivaa koti jeupe la muchinjaji, limefuliwa vizuri, wakamuita munganga, naye akaitika. Aliandika kilo kwenye karatasi, mama akaipeleka kwa Masika, Masika akaisoma, akamuangalia Cikuru, akaingia ndani. Cikuru alidhani ni heshima. Hata Dorine, muke wake, alimuleta binti yao Aksanti akapimwa: kumi na mbili. Baba mutu akapiga kifua, utafikiri hakujua kilo tatu kati ya zile zilitoka wapi.

Alhamisi Aksanti aliamka mwili moto. Dorine akamubeba mpaka farmasi, Cikuru nyuma na koti lake. Walikuta wamama nane kwenye foleni, wote wateja wake.

"Kilo zake?" Masika aliuliza.

"Kumi na mbili," Dorine akajibu. "Papa yake alipima mwenyewe."

Masika akafungua chupa ya siro, dawa ya maji, akachukua seringe ndogo isiyo na sindano. Alisema polepole, foleni yote isikie.

"Kila kilo ina kipimo chake. Munamupa, munangoja saa sita, ndipo munamupa tena. Mara nne kwa siku, musipite pale. Na musiongeze siro ingine ya homa, mara nyingi ni dawa ile ile na jina lingine. Ikizidi, homa inashuka, munafurahi, kumbe ini ya mutoto inaharibika bila kelele."

Cikuru alijua kusoma watu, hakujua kusoma seringe. Aliona tu dawa ikipanda. Akisema, amekwisha hapa Ndosho. Asiposema, ni Aksanti. Akatafuta ulimi wake, ule ule wa kila siku, akaukuta umekauka. Aliogopa, na hapa simucheki.

Seringe ikagusa mudomo wa mutoto.

"Ngoja, Mama Masika. Ana tisa."

"Nani alisema?"

"Mimi. Mizani inaongeza, na nilijua." Akageukia foleni. "Hata wa kwenu. Wote."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Cikuru ilikuwa hatua kumi.

Masika akainua seringe, akaonyesha alama ya kalamu. "Hii ni ya tisa, tangu mwanzo. Mizani yangu ilitengenezwa siku ya pili tu, ile ile uliyotundika yako. Kila mutoto namupima tena nyuma ya pazia, kilo sizitaji, na mama namuwekea alama kwenye seringe yake. Aksanti nilimupima juzi, Dorine alimuleta."

Dorine alikuwa anaangalia dari, mabega yakimutetemeka kwa kicheko.

"Na karatasi zangu?" Cikuru akauliza.

"Nafungia karanga."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Nikufukuze? Zamani wamama walikuwa wanakata vidonge vya wakubwa kwa meno. Sasa kila mumoja anauliza kilo kwanza. Umenifanyia kazi wiki mbili bila mushahara, munganga."

Hakuna mama aliyedai pesa zake. Yule wa kilo nane, wa siku ya kwanza, alisogea tu, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wangu ni sita?" Cikuru akaitika kwa kichwa. Angeona afadhali apigwe.

Aksanti alilala vizuri, jioni akaomba bugali. Cikuru bado anapima watoto mbele ya farmasi, bure, kwa mizani ya Masika, mpaka Dorine aseme imetosha. Juzi mama mumoja aliniambia mizani yangu ya zamani ilikuwa na roho nzuri kuliko hii. Nilimujibu tisa ni tisa. Hakunisalimia tena.