Tone Moja la Homoni

Jumatatu, 3 Juni
Bosi katangaza: ajira ya kudumu hapa maabara ni moja, waombaji wawili. Mimi na Miwani. Miwani! Mtu anayepanga kalamu zake kwa rangi! Kufikia Alhamisi tuonyeshe protini zinavyopashana habari ndani ya seli. Homoni inabisha hodi, protini ya mlangoni inamwambia jirani, jirani anamwambia mwenzake, mpaka habari ifike kwenye kiini. Umbea mtupu. Na umbea naujua. Kazi ni yangu.

Jumanne, 4 Juni
Maelekezo: tone moja la homoni, subiri dakika tano, vuna seli zikapimwe. Tone moja! Zitasikiaje? Nimetia ishirini. Saa nne nikaongeza. Saa sita tena. Saa nane tena, zisije zikasahau. Miwani katia moja, kakodolea macho saa yake. Maskini. Nyumbani nimemwambia dada nimeshinda. Kaniambia nisubiri kwanza, halafu kanipigia pasi shati la Alhamisi. Moyoni ananiamini, najua.

Jumatano, 5 Juni
Leo kupima. Protini iliyopata habari huacha mstari mweusi kwenye picha. Picha ya Miwani: mistari myeusi tii. Yangu: nyeupe pe! Nimesema mashine mbovu. Nimeipiga kofi. Nyeupe vilevile. Miwani akaeleza, bila kuulizwa, kwamba seli zikipigiwa kelele mfululizo huzivuta ndani protini zake za mlangoni, zisisikie tena. Akasema anigawie seli zake nirudie. Nimekataa. Mtu ana heshima yake! Kisha nikajifungia chooni, nikalia kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimevaa shati. Bosi hakunifokea! Kasema kosa langu lina la kufundisha. Niandike nilichojifunza, ukurasa mmoja, nimpelekee mara moja tu, nisubiri. Uamuzi Jumatatu. Miwani akanipigia makofi, tena ya kweli. Sikujua pa kuweka uso. Nimempa kalamu yangu ya zambarau, hakuwa na rangi hiyo.

Ijumaa, 7 Juni
Ukurasa nimempelekea bosi saa mbili asubuhi. Mzuri ajabu! Nimeeleza vyema kwa nini seli huziba masikio. Saa tatu, kimya. Nikapeleka nakala. Saa nne nyingine, kwa herufi kubwa. Kufikia saa sita zimefika kumi na saba, na simu tisa. Dada naye nimemwomba apige. Sasa bosi kafunga mlango kwa ufunguo, kazima simu. Miwani kashika kichwa. Ni wazi ujumbe haujamfikia. Naenda kugonga, kwa mikono miwili.