Taa ya Shemeji

Alfajiri hiyo Laini alikuwa ameegemea ukuta wa duka la vifaa, akifikiria amdanganye nani, mara mama mmoja akapita mbio, simu yenye tochi kaing'ata menoni, akatumbukia mtaroni. Kundi zima la wakimbiaji lililokuwa nyuma yake likamfuata humohumo kwa utiifu.

Laini aliguswa sana moyoni. Watu wazima hawa walihitaji taa, naye kwa dada yake, alikokuwa akilala, alikuwa na sanduku la taa za kichwani alizozipata kwa bei ya kutupa, kwa sababu zilikuwa za kutupa: zikiwashwa huwaka vizuri, zikipata joto la kichwa cha mkimbiaji hujizima, wala haziwaki tena.

Kesho yake akajitokeza na sanduku, na kwenye paji la uso wake taa nyingine, ya kweli, iliyomulika mpaka mwisho wa barabara. Hiyo ilikuwa ya shemeji yake, fundi wa kusafisha matangi ya maji, ambaye angeihitaji jua likichomoza, maana ndani ya tangi ni giza hata mchana. Na dada mtu alikwisha sema: kitu kingine cha mume wangu kikipotea, utatafuta pa kulala.

"Ndugu wanamichezo," Laini alianza, kwa sauti ya msibani, "taa haichaguliwi kwa macho. Huchaguliwa kwa kichwa."

"Nikitoka jasho, mkanda utateleza?" aliuliza yule mama wa mtaroni, mwenyekiti wao, muuza mbao mwenye mabega mapana kama bidhaa zake.

"Mkanda huu? Ukishakuzoea, mama, mtatenganishwa na daktari."

"Basi nataka hiyo uliyovaa."

Laini akashtuka. "Hii? Hii mbovu, mama yangu! Nzito! Na mwanga wake mkali mno, unakuonyesha hata mashimo usiyoyahitaji."

"Mashimo yote nayahitaji."

"Inavuta wadudu."

"Nitawakimbia. Si ndiyo kazi tunayoifanya?"

Maskini Laini! Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anasema kitu kibaya kwa bidii zake zote, na haaminiwi.

"Sisi hatununui kitu bila kukikimbiza kwanza," mwenyekiti akasema. "Hadi kona, tunarudi. Tukiridhika tunachukua sanduku zima."

Hilo "sanduku zima" likamlegeza. Kona haikuwa mbali. Vichwa visingewahi kupata joto. Akavua ya shemeji, akampa mwenyekiti, akagawa na nyingine zote. Ndipo alipofanya kosa ambalo hata mtapeli wa jana angelikwepa: aliwakabidhi mali watu ambao ujuzi wao mkubwa duniani ni kukimbia.

Kona wakaifika. Wakaipita.

"Jamani, kona ndiyo hiyo!"

"Miguu imekolea!" sauti ikamjibu toka mbali.

Laini akawafuata na viatu vyake vya ncha kali. Huko mbele taa zikaanza kuzimika moja moja, na kila iliyozimika ilifuatwa na kishindo, kisha neno lisilofaa mbele ya watoto. Ikabaki moja tu, ya shemeji, ikipanda kilima. Akaikodolea macho hiyo hiyo, chini asitazame, na mtaro ukampokea.

Baadaye mwanga ukarudi, ukamsimamia usoni. Alikuwa mwenyekiti, na nyuma yake wenzake wakichechemea.

"Kijana, tumeshachagua." Akamrundikia kifuani taa zote zilizokufa. "Hizi zako. Hii inabaki kwangu, fidia ya vifundo vya watu hawa."

"Mama, hiyo si yangu!"

"Najua. Ni yangu."

Jua lilipochomoza, shemeji alikuwa mlangoni, buti miguuni. Laini, tope hadi masikioni, akamfunga taa kichwani kwa heshima zote.

"Shemeji, ile ya zamani nimekubadilishia. Hii ni ya kisasa. Inapumzisha macho."

Shemeji akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Kweli," alisema. "Yanapumzika kabisa."

Dada akatokea na godoro lililokunjwa, akalibwaga mikononi mwa kaka yake.

"Na wewe kapumzike," akamwambia, akafunga mlango.