Mdhamini Mwenye Jina Safi

Mtu aliyeshindwa kesi hutoka mahakamani akitazama chini, na Mbwana Mfaume alizipenda sana sura hizo. Kila asubuhi alikaa kwenye kibanda cha chai, mkabala na mahakama moja ya Temeke, shati limenyooshwa, kitambulisho cha kujichapishia kinaning'inia shingoni. Siku hiyo akamwona Zubeda, mpishi wa shughuli, anatoka peke yake huku anajifuta jasho kwa ncha ya mtandio.

"Pole, sista. Wamekuchafulia jina, sio?"

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Hukumu ikitoka tu, jina linaingia kwenye kompyuta ya wakopaji wabaya. Benki hawakukopeshi hata mwiko. Ila mie nina mtu wangu kule ndani, anabonyeza tu, linafutika. Laki tatu."

Tumpe Mbwana haki yake: nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Ile nusu ya kubonyeza ndiyo iliyomlipia kodi ya nyumba.

Muuza chai akaandika kikombe cha Mbwana kwenye daftari la madeni. Zubeda akakaa, akaeleza kwa unyonge. Alikopa kwenye kampuni ya mikopo akanunua masufuria makubwa, harusi zikapungua, akashtakiwa, masufuria yakakamatwa. Na kule Kurasini kuna yadi ya makontena inatafuta mtu wa kulisha vibarua.

"Nikiyapata masufuria yangu, kaka, nakupa laki tano, siyo tatu. Wamekubali kunirudishia nilipe kidogo kidogo, ila wanataka mdhamini mwenye jina safi. Nitamtoa wapi mjini hapa?"

Mate yakamjaa Mbwana. Maisha yake yote, ukiacha chai ya kibandani, hakuwahi kukopa. Hela za watu alizichukua moja kwa moja, bila riba. Jina lake lilikuwa jeupe, na alilitunza kwa sababu alikuwa karibu kwenda kukopa bajaji, apumzike kukimbizwa na aliowatapeli. Bajaji ndiyo ilikuwa ndoto yake pekee ya halali.

Akakubali kumdhamini. Kule ofisini kwa kampuni walipomwambia aweke kidole gumba kwenye mashine, alisita. Jina la bandia analo, kidole cha bandia hana. Akamtazama Zubeda, mpole kama kuku wa kisasa, akabonyeza.

Zubeda akachukua masufuria yake. Laki tano haikuja, na marejesho hakulipa hata shilingi. Mbwana akapigiwa simu, hakupokea. Akaitwa mahakamani, hakwenda; yeye mwenyewe aliwafundisha wengi kwamba wito ukipuuzwa huchoka. Haukuchoka. Hukumu ikamshukia, dalali wa mahakama akaja na pikapu, akaondoka na pikipiki, friji na makochi. Vikauzwa, deni likaisha.

Alipokwenda benki kuulizia mkopo wa bajaji, ofisa mikopo aitwaye Venance alitazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Ulishtakiwa, ukalipa kwa kukamatiwa mali. Omba uthibitisho wa mahakama kwamba deni limeisha, uingizwe kwenye taarifa zako. Halafu anza kukopa kidogo, urudishe kwa wakati. Jina litarudi taratibu."

"Hakuna mtu wa ndani wa kubonyeza?"

"Matapeli wa kule mahakamani ndio wanasemaga hivyo," Venance akamwambia kwa huruma. "Usiwape hela yako, braza. Kama una haraka, lete mdhamini."

Mbwana akaenda Kurasini na hasira zake. Akamkuta Zubeda katikati ya moshi, vibarua wamepanga foleni.

"Umeniliza, dada!"

"Nimekulizaje? Si uliahidi kunisafishia jina? Benki wameona deni limeisha, wameanza kunikopesha. Nakusifia kila ninapokwenda."

"Kumbe ulijua?"

"Mwenye mtu wake ndani, anywe chai ya mkopo?"

Iliuma. Hii ilikuwa ahadi yake ya kwanza kutimia, na ameigharamia mwenyewe. Akashusha sauti. "Basi nidhamini na mie nichukue bajaji. Sina mwingine ninayemjua mwenye jina safi."

Zubeda alicheka mpaka akashika kiuno. "Nikudhamini wewe, ulivyochafuka? Jina hili nimelipata kwa tabu!"

Kisha akamwonea huruma, akapakua pilau sahani nzima, nyama juu. Mbwana akanyoosha mkono. Zubeda akairudisha sahani nyuma kidogo.

"Hela kwanza, kaka. Hapa hatukopeshi."